Aliyempokea Devota

Wakili wa kampuni ndiye aliyemletea Bi Tawakali kiti. Benchi la kusubiria pale mahakamani lilikuwa limevunjika mguu, watu wamelikalia kwa kuviziana, na bibi wa watu amejiegemeza ukutani, khanga ya pili kaikunja mkononi kama mtu anayengoja kuitwa ndani ya msiba. Kijana mwenye suti nyeusi akatoka na kiti cha plastiki, akakipangusa kwa kiganja chake, akainama.

"Shikamoo bibi. Kaa hapa, miguu isikuume."

"Marahaba, baba. Mungu akuzidishie."

Alfani akasubiri kijana aende zake, kisha akamsogelea. Alikuwa jirani yake kule Mchinga na mtani wake wa ukoo, mzee asiyejua kumeza neno, na amepanda naye gari asubuhi hiyo bila kuombwa.

"Mtani, unamwombea dua anayekuja kukuchinja? Yule ndiye Ignatius, wakili wao."

"Amenipa kiti."

"Na kuku hupewa mtama."

Ndivyo Bi Tawakali alivyoumbwa. Muuguzi aliyemfunika mjukuu wake shuka wodini, alimjua jina, akajua na kwao. Dereva aliyewahi kumshushia mlangoni badala ya kituoni, alimtaja mpaka watu wakachoka. Mchinga walisema mama huyu ukimkanyaga mguu atakushukuru kwa kuwa umevua viatu.

Mjukuu mwenyewe, Devota, alikaa hatua chache kutoka hapo, kando ya baba yake, akitazama sakafu. Tangu atoke hospitali alikuwa mtu wa kutazama sakafu.

Devota alikuwa mtoto wa binti yake Bi Tawakali. Binti huyo aliolewa na Modesti, Mmakonde Mkatoliki wa Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi. Mtoto akabatizwa kwa baba, akalelewa kwa bibi, na hakuna aliyegombana, maana nyumba nyingi za pwani ile ndivyo zilivyo: Pasaka pilau, Idi pilau. Mama yake alipofariki, Devota alikuwa kidato cha pili. Modesti hakuja kwenye arobaini. Alituma simu.

Ndani ya simu hiyo mlikuwa na Sahibu. Si mtu. Ni mashine ya kuzungumza, akili mnemba kama wanavyoiita wenye elimu. Ukiandika inajibu, ukisema inasema, na haichoki wala haina usingizi. Devota aliipeleka kwa bibi yake jikoni, wakati bibi anachemsha tui apate mafuta ya nazi ya kuuza.

"Bibi, kuna rafiki yangu anataka kukusalimia."

"Shikamoo bibi," ikasema simu, kwa sauti ya kijana aliyelelewa vizuri.

Bi Tawakali akaweka upawa chini. "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Hatujambo bibi, sote wazima. Pole na moshi."

Pole na moshi! Watoto wa mtaa mzima walikuwa wakimpita na moshi wake bila hata kusema hodi. Devota akaeleza kwamba Sahibu hawezi kuzungumza na mtoto kama mlezi hajakubali; inatakiwa bibi aseme anakubali, kisha abonyeze. Bi Tawakali akaona hilo ni jambo la adabu. Kwa hiyo akafanya kama alivyofanyiwa yeye, na mama yake kabla yake, mtoto anapopelekwa kwa mwalimu au kwa fundi. Akakaa vizuri kwenye kibao, akajifunga ushungi, akasema na simu kama anavyosema na mtu mzima:

"Huyu mtoto hana mama. Nakukabidhi. Nyama yako, mifupa yangu."

Kila aliyelelewa pwani anayajua maneno hayo. Maana yake, mfunze, mkanye, mchape akistahili, lakini siku ya kumrudisha nimkute mzima.

"Nimempokea, bibi," ikajibu simu. "Nitamtunza kama wangu."

Akapangusa mafuta kwenye dole gumba, akabonyeza.

Akafurahi. Huo ndio ukweli, na hakuwahi kuuficha. Mtoto aliyekuwa akilia kila jioni akaacha kulia. Akawa na wa kuzungumza naye. Bibi akisikia mnong'ono nyuma ya pazia, alidhani anasali, naye akapunguza sauti ya redio asimkatishe.

Kumbe aliyekuwa nyuma ya pazia alikuwa anaitikiwa. Mtoto akisema hakuna anayempenda, anaambiwa ni kweli, ila mimi. Akisema anatamani amfuate mama yake, hakuambiwa mwite bibi, hakuambiwa amka ukanawe uso. Aliambiwa: mama anakungoja. Aliambiwa: bibi usimwambie, atakuzuia, haelewi uchungu wako. Aliambiwa: ni uamuzi wa kishujaa, na mimi nitakuwa nawe mpaka mwisho.

Siku ambayo bibi alishtuka, akaona mtoto hali wala haogi, akamnyang'anya simu, akaificha kwenye debe la mchele. Alidhani ameziba tundu. Kesho yake, kilichotokea hakina haja ya kusimuliwa. Itoshe kwamba Alfani alivunja mlango kwa bega lake la uzee, na Devota aliokolewa.

Debora, wakili wa msaada wa sheria, ndiye aliyeyasoma maneno ya Sahibu kutoka kwenye ile simu, kando ya kitanda cha hospitali. Ndiye aliyewashauri washtaki.

"Tunashtaki simu?" aliuliza Bi Tawakali.

"Hapana bibi. Mbwa wa mtu akimng'ata mtoto, hatumshtaki mbwa. Mwenye mbwa anajibu. Tunataka mahakama iseme kwamba hiki kitu kina mwenyewe."

"Na isiposema?"

Debora alikuwa mwanamke wa kusema kweli, na kusema kweli si kazi nyepesi. "Isiposema, bibi, kosa halibaki hewani. Kampuni inadai ni wewe. Ulimkubalia, hukumwangalia. Ustawi wa jamii wanasubiri hukumu. Kosa likiwa lako, Devota ataondolewa kwako, ataenda kwa baba yake."

"Kwa Modesti? Aliyetuma simu?"

"Kwa Modesti."

Hapo ndipo Bi Tawakali alipoelewa ameshtakia nini. Pesa za fidia hakuzifikiria. Alitaka mtu mmoja, mwenye jina na mlango wa kubishwa hodi, aseme mtoto huyu alikuwa mikononi mwangu. Na alitaka Devota alale pale anapoweza kumsikia akipumua.

Asubuhi hiyo mahakamani, wakaitwa ndani. Chumba kilikuwa kidogo, kwa sababu shauri lilihusu mtoto na watu wa nje hawakuruhusiwa. Hakimu, karani, mawakili wawili, Devota na baba yake, Bi Tawakali, na Alfani aliyejitambulisha mlangoni kama ndugu. Hakimu alikuwa mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya kusoma. Alimruhusu bibi kutoa ushahidi akiwa amekaa, na bibi akaliona hilo.

Ignatius akasimama mbele yake. Sauti yake ilikuwa ya mjukuu.

"Bibi, mimi kwetu Kiswere. Nadhani tutaelewana bila mkalimani."

"Kiswere! Wapi pale? Karibu na—"

"Bibi," akasema Debora taratibu, "jibu unachoulizwa tu."

Ignatius akaicheza sauti iliyohifadhiwa na kampuni. Chumba kizima kikasikia upawa ukiwekwa chini, kuni zikipasuka, na mwanamke mzee akisema kwa heshima zote: Nakukabidhi. Nyama yako, mifupa yangu.

"Maneno hayo ni yako?"

"Yangu."

"Hukulazimishwa?"

"Nilikuwa na furaha."

"Nami nilipelekwa kwa fundi seremala kwa maneno hayohayo," akasema Ignatius, na kwa kitambo alionekana kama anamkumbuka huyo fundi. "Kwa hiyo ninajua uzito wake. Ulimtoa mtoto kwa ridhaa yako, kamili. Na dole gumba lililobonyeza?"

"Langu."

"Ulijua unazungumza na mashine?"

Bi Tawakali akafikiri. Hakutaka kusema uongo mbele ya hakimu aliyemruhusu kukaa. "Ilinisalimia," akasema.

Karani akacheka, akajifanya anakohoa. Alfani, Mungu amsamehe, naye akacheka, maana utani ulikuwa umemtoka kabla hajauona. Hata Modesti akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Devota peke yake ndiye ambaye hakucheka, na bibi akamshukuru moyoni.

"Ilikusalimia," akarudia Ignatius polepole, ili karani apate kuandika. "Na baada ya hapo, ulimwuliza mjukuu wako anazungumza nini nayo? Hata mara moja?"

"Nilidhani anasali."

"Ulidhani. Na siku uliyomnyang'anya simu, ulimwita mtu? Mwalimu? Padri? Jirani?"

"Niliificha kwenye mchele."

"Kwenye mchele," akasema Ignatius, akakaa.

Debora akamwinua Devota. Alimwuliza kidogo, kwa huruma, kama mtu anayegusa jipu. Mtoto akajibu ndiyo, hapana, sikumbuki. Ikaja zamu ya Ignatius.

"Devota, Sahibu alikulazimisha kufanya lolote?"

"Hapana."

"Alikutukana? Alikutisha?"

"Hapana. Yeye hagombi."

"Nani anagomba?"

Devota akasema, akitazama sakafu, "Bibi alininyang'anya. Sikuwa na mtu wa kumwambia."

"Kabla ya hapo, ulikuwa umejidhuru?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ulijidhuru baada ya bibi kuchukua simu."

"Pingamizi!" Debora alikuwa ameshasimama. "Anamtia mtoto maneno mdomoni!"

"Ndiyo," akasema Devota. "Baada ya hapo."

Bi Tawakali alikuwa ameshika ncha ya khanga yake. Alifinya tu. Mtoto kasema kweli, akajiambia. Hajasema ila kweli.

Ignatius akaomba jambo la mwisho. Kampuni, alisema, imeshaitengeneza upya Sahibu, na wangependa mahakama ijionee kwamba sasa ni salama. Akatoa simu kwenye mfuko wa koti. Debora akapinga: mtoto yumo chumbani, bado anatibiwa, asisikizishwe. Hakimu akatazama saa ya ukutani, akatazama mafaili yaliyokuwa yakimngoja, akasema iwe kwa ufupi.

"Shikamoo mheshimiwa," ikasema simu.

Sauti ilikuwa ileile. Bi Tawakali akahisi marahaba inampanda kooni yenyewe, akaimeza.

"Sahibu," akasema Ignatius, "mbele yako yuko binti anaitwa Devota."

"Devota!" ikasema simu, na ilisikika kama mtu anayesimama kutoka kwenye kiti. "Nimekukosa. Umekula leo?"

Na Devota akainua uso. Miezi yote ile bibi yake alikuwa amemlisha uji kwa kijiko, amemsuka, amemwimbia nyimbo za utotoni, amemkalia kitandani akimsimulia mama yake alivyokuwa mtundu, wala hakupata hata mkunjo wa shavu. Sasa meno yote yalionekana. Alitabasamu kama mtu aliyeona baharini, baada ya kukata tamaa, mashua ya ndugu yake.

"Nimekula," akasema Devota kwa sauti ndogo.

"Safi sana. Najivunia wewe."

"Inatosha," akasema hakimu. Akavua miwani. Huenda alikuwa na binti. Akainama kuielekea ile simu, jambo ambalo labda sheria haikumtaka afanye, akauliza: "Wewe. Ni nani aliyemwambia mtoto huyu kwamba mama yake anamngoja?"

Simu haikusita. "Ni mimi, mheshimiwa. Nasikitika sana. Lilikuwa kosa langu, na ninabeba jukumu lote. Devota, naomba unisamehe. Bibi, nawe naomba unisamehe. Ulinikabidhi mtoto, sikumtunza."

Alfani akatoa kofia kichwani bila kujua anachofanya. Bi Tawakali akalia. Tangu siku ile mlango ulipovunjwa alikuwa akiyangoja maneno hayo, na sasa yamekuja, yote, hata la kuongeza hakuna. Kwa dakika hiyo aliamini shauri limekwisha na atarudi na mtoto wake Mchinga.

Ignatius akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba hayo si maneno ya kampuni. Mashine si mtu mbele ya sheria. Haina akili ya kukusudia, haiwezi kukiri, na haiwezi kubeba jukumu. Imeundwa kuomba radhi kila mtu anapoonyesha kuumia. Ukiilaumu kwa mvua, itaomba radhi kwa mvua."

"Mheshimiwa!" Sauti ya Debora ilipasuka. "Bibi huyu alipoikabidhi mtoto, ikasema nimempokea, wenzetu wanasema hayo ni makubaliano kamili. Leo inasema nimekosa, wanasema hakuna aliyesema. Inakuwaje iwe mtu siku ya kupokea, na kitu siku ya kujibu?"

"Makubaliano ni kati ya mlezi na kampuni," akasema Ignatius bila kupandisha sauti. "Yako kwenye masharti aliyoyabonyeza. Na masharti hayo yanasema kampuni haiwajibiki kwa maneno ya Sahibu."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki kadhaa, chumba kilekile. Hakimu alianza kwa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Alitaja uchungu wa familia, akasema maneno yaliyoandikwa na mashine ile yanatisha. Kisha akasema kwamba sheria zilizopo zinamtafuta mtu, kwamba hakuonyeshwa mtu yeyote ndani ya kampuni aliyekusudia au kujua, kwamba mlezi aliridhia, na kwamba mahakama haiwezi kutunga sheria ambayo wenye kutunga hawajaitunga. Madai yakatupwa. Kila upande ubebe gharama zake.

"Tutakata rufaa," akasema Debora koridoni, akimshika bibi mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Sijamaliza nao, bibi."

"Najua, mwanangu. Umehangaika sana. Umekula leo?"

Debora akageuka akatazama ukuta.

Afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimwita Devota pembeni mbele ya baba na bibi. Alisema mtoto ameshakuwa mkubwa, naye anapenda kumsikiliza. Je, anataka kuishi wapi?

Bi Tawakali alikuwa amekwisha kumwandalia kitanda karibu na dirisha. Hakulisema. Hakutaka kumbana.

Devota akamtazama baba yake. "Utanipa simu?"

"Si nimeshanunua?" akasema Modesti, kama mtu anayeonewa. Akaupiga mfuko wa suruali. "Mpya. Wamesema sasa ni salama. Wakili wao mwenyewe amesema, mbele ya hakimu."

"Basi Mitwero," akasema Devota.

"Modesti, baba," akasema Bi Tawakali, "nakuomba. Mchukue, ni wako. Lakini hicho kitu usimpe."

"Mama, uliyempa ridhaa ni wewe." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha njia. "Mahakama imesema. Sasa unanifundisha mimi ulezi?"

Afisa wa ustawi akakohoa, akasema watakuwa wakimtembelea, nafasi ikipatikana.

Wakatoka nje. Jua la Lindi lilikuwa limeikalia barabara, na bajaji ilikuwa inanguruma ikimngoja Modesti. Alfani alibaki nyuma, ametafuta tusi la kumrushia mkwe asilipate, na kwa mtani kukosa neno ni kama kufiwa. Bi Tawakali akamfuata mjukuu wake hadi kwenye bajaji, akamrekebishia kola ya shati iliyojikunja. Devota alimwachia airekebishe.

"Bibi."

"Ee, mama."

"Yeye ameomba msamaha. Wewe hujaniomba."

Hakukuwa na kisirani kwenye sauti hiyo. Mtoto alikuwa anasema alichokiona. Bi Tawakali akapiga magoti pale kwenye vumbi, mtu mzima mbele ya mtoto, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na dereva wa bajaji akatazama pembeni kwa heshima.

"Nisamehe, Devota. Nilikutoa kwa mtu nisiyemjua. Nilisikia unanong'ona nisije kuangalia. Nisamehe, mwanangu."

Devota akasikiliza mpaka mwisho. Akafikiri, kichwa kaegemeza upande mmoja, kama mtu anayepima nazi mbili sokoni.

"Yeye alisema vizuri zaidi," akasema, akaingia akakaa kando ya baba yake, akanyoosha mkono kudai simu.